Shajara ya mradi: kurasa tatu za Tanga na msaidizi anayeanza kazi

Mradi: kumwandaa msaidizi wa mitandao ya kijamii tangu hajui lolote mpaka aweze kushika kurasa za biashara peke yake. Muda: wiki 10. Mahali: Tanga mjini. Biashara ni tatu na majina yake hayaandikwi humu: nyumba ya wageni yenye vyumba 8 kule Raskazone, mshonaji wa madera na magauni ya vitenge Ngamiani, na mpishi wa vyakula vya oda Makorora. Vifaa: simu moja ya Android, kompyuta mpakato ya mtumba, tripodi fupi, shuka jeupe, daftari la kaunta na kalamu mbili. Kamera haipo na kwa hatua hii haihitajiki.

Wiki ya 1: nani ana ufunguo

Siku tatu za mwanzo hakuna kilichopostiwa. Kila akaunti ilikaguliwa mambo manne: imefunguliwa kwa namba ya nani, kwa barua pepe ya nani, nani mwingine yumo ndani, na kama uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo) umewashwa.

Hali mbaya zaidi ilikuwa kwa mshonaji. Ukurasa wake wa Instagram ulifunguliwa na ndugu aliyehama mji, kwa laini ambayo haitumiki tena. Hili ni bomu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake hugawiwa mtu mwingine. Siku akaunti ikidai msimbo wa uthibitisho, msimbo unaingia kwenye simu ya mgeni na mwenye duka anabaki nje ya duka lake. Bahati ni kwamba akaunti ilikuwa bado wazi kwenye simu ya mshonaji mwenyewe. Mpangilio ukawa huu, na usipinduliwe: kwanza ongeza barua pepe ya mwenye biashara na uithibitishe, kisha weka namba yake mpya, kisha badilisha nywila, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya misimbo badala ya meseji, na mwisho toa vifaa vyote usivyovijua kwenye orodha ya walioingia. Anayeanza na nywila kabla ya barua pepe anaweza kujifungia mwenyewe, kwa sababu mabadiliko hayo huenda yakadai msimbo unaotumwa kule kule kwenye laini iliyokufa.

Namba za akiba za kuingilia, zile za kutumia msimbo usipopatikana, zilinakiliwa kwa mkono, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikawekwa kwenye droo ya pesa ya mwenye duka. Isikae kwa msaidizi, na isipigwe picha ikaachwa kwenye simu.

Kwa Facebook hakuna sababu ya kupeana nywila. Mwenye biashara anabaki na udhibiti kamili, na msaidizi anaongezwa kwa akaunti yake mwenyewe kupitia Meta Business Suite (chombo cha Meta cha kusimamia kurasa za biashara), akipewa ruhusa za kazi tu: kuposti, kujibu, kuona takwimu. Siku wakiachana, ruhusa inaondolewa kwa kubonyeza mara mbili tatu na hakuna wa kumdai mwenzake kitu. Msaidizi anayeomba nywila "ili kazi iende haraka" anajiweka pabaya yeye mwenyewe: ukurasa ukiibwa, wa kwanza kutazamwa ni yeye.

WhatsApp Business ya mpishi imeunganishwa na kompyuta ya msaidizi. Simu kuu inaruhusu vifaa 4 vya ziada, na vinafanya kazi hata simu kuu ikizimwa. Lakini simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika, vyote vinatolewa nje. Imeandikwa kwenye daftari kwa wino mwekundu, kwa kuwa mpishi ana simu mbili na hiyo ya biashara huisahau kabatini.

Wiki ya 2: wasifu na linki

Wasifu wa Instagram una nafasi ya herufi 150, nafasi na alama zikihesabiwa. Wa nyumba ya wageni ulianza na "Karibuni sana mjisikie nyumbani", maneno matamu yasiyomsaidia msafiri. Ulioandikwa upya unataja kitu (vyumba 8 vyenye feni na neti), mahali (Raskazone, Tanga), jinsi ya kupata chumba (WhatsApp hapa chini) na saa za mapokezi. Jina la kuonyesha, lile lenye herufi nene, limewekewa neno "Tanga" kwa sababu linaingia kwenye utafutaji. Kuna kikomo: jina hilo linabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo liandikwe kwanza kwenye karatasi.

Kosa la wiki: linki ya WhatsApp haikufunguka. Ilikuwa imeandikwa wa.me/07 na kuendelea. Linki hiyo inataka namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: wa.me/255, halafu tarakimu 9. Makosa ya aina hii mwenye ukurasa hayaoni, maana habonyezi linki yake mwenyewe. Ni muhimu kuijaribu kwa simu ya mtu mwingine ambaye hajahifadhi namba ya duka. Ukitaka mteja akute maneno tayari, ongeza mwishoni ?text= na ujumbe, na kila nafasi iandikwe %20. Kwa mshonaji tumeweka "Habari, nimeona gauni namba", mteja anamalizia namba tu.

Katalogi ya WhatsApp: vyakula 11 vimeingizwa, kila kimoja na picha, bei na idadi ya watu wanaoshiba. Magauni bado.

Wiki ya 3: picha

Pweza wa nazi ndiye aliyesumbua kuliko vyote. Picha za kwanza zilipigwa jikoni, sufuria ikiwa bado motoni, chini ya taa ya mrija. Mvuke ulifunika lenzi, tui likawa na rangi ya kijani, na kila kitu kilionekana kama uji. Sababu ni tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Mvuke: pakua kwenye sahani, subiri dakika 4 au 5, futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kikavu kabla ya kila picha, mafuta ya kidole peke yake yanatosha kuharibu siku nzima. Rangi: zima taa, peleka sahani kwenye mlango wa uani, nuru itoke upande mmoja tu, na upande wa pili simamisha shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Weupe wa nazi kuungua: gusa kioo juu ya mkono wa pweza, siyo juu ya tui, kisha shusha mwangaza kidogo mpaka michirizi ya tui ionekane. Kabla ya kubonyeza, ndimu ikakamuliwa na kijiko kikapitishwa juu mara moja ili nyama ing'ae. Picha 12 zilipigwa, zikabaki 3. Usivute karibu kwa vidole, sogea wewe.

Saa za kupiga nje ni asubuhi kabla ya saa 3 na jioni kuanzia saa 10 na nusu. Adhuhuri jua la pwani liko utosini, uso unapata vivuli chini ya macho na kitambaa kinapoteza rangi.

Nguo. Dera likitundikwa kwenye henga linaonekana gunia. Livaliwe, mvaaji anyanyue mkono mmoja ili upana wa bawa uonekane, na picha ya pili iwe ya karibu kwenye shingo ili mteja aone mshono. Rangi ya kitenge ndiyo inayoleta ugomvi: mteja ameona samawati, kaletewa kijani. Karatasi nyeupe inawekwa kwenye kona ya fremu. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye picha, rangi ya kitambaa nayo ni ya kweli. Baadaye kona hiyo inakatwa.

Ukurasa wa mshonaji ulikuwa na picha 40 na ushei zilizochukuliwa mtandaoni, magauni ambayo hakuyashona yeye. Zimefutwa zote. Mazungumzo yalikuwa marefu, maana zilikuwa zinapendwa kuliko zake. Lakini picha ya kazi ya mtu mwingine ni ahadi ambayo cherehani yako haikuitoa, na mteja akija na skrinishoti anataka ile ile. Mtindo wa kuiga ukiagizwa, unashonwa, kisha inapostiwa picha ya kilichoshonwa.

Vyumba: simama kwenye kona, simu iwe usawa wa kifua na isiiname, mapazia yafunguliwe, taa izimwe. Lenzi pana isitumike. Inapanua chumba kuliko kilivyo, na mgeni akifika anasimama mlangoni na kuuliza kiko wapi kile cha picha. Bafu na choo vipigwe pia, visafi na vikavu. Wapiga picha wengi wanaruka choo, ilhali ndicho msafiri anachotaka kukiona kabla hajalipa.

Video za ufukweni: upepo wa kusi ulimeza sauti zote. Kipande cha sponji kimefungwa kwa mpira juu ya tundu la maikrofoni, na msemaji anaupa upepo mgongo. Inatosha.

Picha zihamishwe kutoka simu kwenda kompyuta kama faili, siyo kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo hubanwa na kupoteza ubora. Kila faili lina jina: herufi mbili za biashara, namba, kitu. MP-014-pweza. Bila hivyo, mwezi wa pili hakuna anayejua picha ipi imeshatoka.

Wiki ya 4: ratiba, na kosa la saa

Ratiba imechorwa kwenye jedwali lenye safu 8: tarehe, saa, mtandao, namba ya picha, maelezo, bei, aliyeidhinisha, hali. Posti 3 kwa wiki kwa kila ukurasa, stori kila siku. Tulipanga 5 mwanzoni. Msaidizi mmoja na kurasa tatu maana yake ni posti 15 kwa wiki, na kufikia Alhamisi alikuwa anaandika maelezo ya kulipua. Tatu zenye maana zinatosha.

Kosa lenyewe: mpishi alisema, "Weka saa mbili." Kwenye ratiba ikaandikwa 2:00, na posti ya chakula cha jioni ikatoka saa nane usiku, mji mzima umelala. Anayeongea Kiswahili anahesabu saa tangu jua kuchomoza, programu inahesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni 6. Sasa kwenye safu ya saa yanaandikwa yote mawili, "saa 2 usiku / 20:00", na mwenye biashara anasainia yote mawili. Kagua pia saa za eneo kwenye mpangilio wa kompyuta; ile ya mtumba ilikuja na saa za Ulaya.

Maelezo ya picha. Instagram inapokea herufi 2,200 lakini kinachoonekana kabla ya kubonyeza "zaidi" ni kama 125. Kitu, bei na mahali vikae humo. Mfano uliopitishwa:

"Pweza wa nazi, sahani ya watu 2, sh. 15,000. Oda mwisho saa 4 asubuhi, tunaleta Makorora, Ngamiani na Chumbageni saa 7 mchana. WhatsApp iko kwenye wasifu."

Ulitanguliwa na mwingine ulioanza "Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinaufanya mchana wako uwe wa kipekee?" Huo ulikataliwa. Mtu wa Makorora mwenye njaa hajiulizi hivyo.

Alama za reli ni 3 hadi 5, zenye mahali na kitu. Zile za jumla kama #love hazileti mteja wa Tanga.

Ijumaa kuanzia saa 6 mchana mpaka swala iishe hakuna posti ya kuita oda, na ujumbe wa "hatupo kwa sasa" unawashwa wenye saa ya kurudi. Mwezi wa Ramadhani ratiba ya mpishi inageuzwa yote: oda za futari zinafungwa kabla ya adhuhuri, na posti zinatoka baada ya tarawehe kwa ajili ya kesho yake.

Wiki ya 5

Video ya mshonaji imenyamazishwa. Nyuma ya sauti ya cherehani kulikuwa na redio inapiga taarabu, na mfumo unatambua wimbo hata ukisikika kwa mbali. Akaunti za biashara zina ruhusa finyu ya muziki kuliko za watu binafsi; kwenye TikTok zinabaki na maktaba ya muziki wa biashara tu. Redio izimwe. Sauti ya cherehani, mafuta yakichemka, mawimbi ya Raskazone alfajiri: hizo ni mali yako na hazinyamazishwi.

Video zote ni wima, 1080 kwa 1920. Maandishi yakae katikati. Theluthi ya chini inafunikwa na maelezo na vitufe, juu kuna jina la programu; bei ya gauni iliyoandikwa chini kabisa haikuonekana na watu wakauliza bei kwenye komenti 9. Picha za kawaida ni 1080 kwa 1350.

Wiki ya 6: majibu

Hapa ndipo penye kazi. Anayeanza hudhani msaidizi wa mitandao ni mtu wa kuposti. Siku nzima anahangaika na rangi za maandishi huku meseji 6 zimelala tangu jana. Ukurasa haufi kwa picha mbaya. Unafia kwenye majibu.

Tumeanza na bei. Komenti "Bei gani dada?" ilikuwa inajibiwa "Njoo inboksi mpenzi". Zoea hili limeenea Tanzania nzima na linaumiza wafanyabiashara wadogo kuliko wanavyojua. Aliyeuliza ni mmoja, wanaosoma kimyakimya bila kuuliza ni wengi, na wote wameambiwa kwamba bei ni siri. Wengine wanahisi kwamba bei inategemea sura ya mwulizaji. Mshonaji aliogopa washindani wataona. Washindani wanaweza kutuma meseji kama mteja na wakaipata bei kwa dakika moja. Anayezuiwa ni mteja peke yake. Tangu wiki hii bei inaandikwa hadharani. Panapokuwa na vipimo tofauti inaandikwa "kuanzia" na sababu: "Kuanzia sh. 35,000 kwa kitenge chako, ikiwa na bitana inaongezeka."

Majibu ya haraka 14 yameandikwa kwenye WhatsApp Business, kila moja na neno lake la mkato linaloanza na mkwaju: /bei, /ramani, /vipimo, /basi, /vyumba. Programu inaruhusu hadi 50 lakini zaidi ya 15 msaidizi mpya hayakumbuki. Jibu la haraka halitumwi kavu. Mteja wa Tanga anaanza na salamu na anatarajia salamu. "Asalaam alaykum" inajibiwa kwa ukamilifu, "Shikamoo" haiachwi ikaning'inia, ndipo bei ifuate. Mfano wa leo, nyumba ya wageni:

"Shikamoo, mna chumba Ijumaa?"

"Marahaba, karibu sana. Ijumaa tuna vyumba 2 vya kitanda kimoja. Utakuja peke yako au na mwenzio? Na unafika saa ngapi, ili mapokezi wakusubiri?"

Swali moja au mawili mwishoni, yanayosogeza mbele. Jibu la "Ndiyo tunavyo" linaua mazungumzo.

Kumbuka: ujumbe wa salamu wa kiotomatiki unatoka mteja anapoandika mara ya kwanza, au baada ya siku 14 za ukimya. Mteja wa jana hataupata tena leo, kwa hiyo usiweke humo taarifa ambazo kila mtu anazihitaji.

Lebo zinazotumika: mpya, ameulizia bei, anasubiri malipo, amelipa, kimetumwa, lalamiko. Kila jioni saa 12 "ameulizia bei" inapitiwa, na waliokaa siku mbili wanakumbushwa mara moja, kwa adabu. Mara mbili ni usumbufu.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp ilituletea maswali: watu 90 wamo, wengi hawakupata. Hiyo ndiyo kanuni yake. Ujumbe unawafikia waliohifadhi namba yako tu. Mpishi sasa anamwambia kila anayepokea oda, "Nihifadhi nisikupotee."

Wiki ya 7: malipo na malalamiko

Meseji ya muamala feki imefika kwa mshonaji: skrinishoti safi, jina sahihi, kiasi sahihi, na bodaboda yuko mlangoni anasubiri mzigo. Sheria imeandikwa juu ya meza: msaidizi hathibitishi malipo kwa skrinishoti wala kwa meseji iliyosambazwa. Anayethibitisha ni mwenye lipa namba, baada ya kuangalia salio mwenyewe. Mteja anajibiwa, "Asante, tunahakiki, dakika chache." Mteja mkweli husubiri. Anayetishia ndiye wa kumwangalia.

Jambo jingine lililokatazwa: kuposti skrinishoti za mazungumzo na malipo ya wateja ili kuonyesha kuwa biashara inaenda. Zina majina na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka ridhaa, na hata pasipo sheria, mama aliyenunua dera hakuomba jirani zake wajue ametumia kiasi gani. Ridhaa ya picha za wageni inaombwa kwa maandishi ya WhatsApp na kuhifadhiwa, watoto hawapostiwi.

Lalamiko la kwanza la hadharani: "Maji yalikatika usiku, tukaoga kwa ndoo." Rasimu ya msaidizi ilisema tatizo la maji ni la mtaa mzima. Hata kama ni kweli, mgeni hakulala kwenye mtaa mzima, amelala kwenu. Iliyotumwa:

"Pole sana kwa usumbufu wa usiku ule. Pampu ilisimama na tulichelewa kuwapa taarifa, kosa ni letu. Pampu imetengenezwa leo asubuhi. Tumekuandikia pia kwa faragha."

Hatua: piga picha ya komenti, mwulize mwenye biashara kilichotokea kweli, jibu hadharani ndani ya saa moja kwa sentensi zisizozidi nne, maliza faraghani. Usifute. Matusi tu ndiyo yanafichwa.

Meseji nyingine iliyoingia wiki hii, kwa Kiingereza chenye makosa, ilidai ukurasa utafungwa kwa kuvunja hakimiliki na kutaka mtu abonyeze linki ndani ya saa 24. Ni wizi. Taarifa za kweli zinaonekana ndani ya programu kwenye sehemu ya hali ya akaunti, na hazitumwi na mtu asiyejulikana inboksi.

Wiki ya 8: kusoma takwimu

Fupi. Tunatazama vitu vitano: waliofikiwa, waliohifadhi, walioshare, waliobonyeza linki, na meseji zilizozaliwa na posti. Mfano wa hesabu: posti imefikia watu 800, ina laiki 60, komenti 4, hifadhi 6, share 2. Jumla 72, gawa kwa 800, zidisha kwa 100, ni asilimia 9. Nyingine imefikia 500 tu, laiki 20, komenti 9, hifadhi 14, share 7: jumla 50, asilimia 10. Ya pili imefika pachache lakini imeshikwa. Kwa mpishi, hifadhi na share zina uzito kuliko laiki, maana mtu huhifadhi anachokusudia kununua.

Meseji zilizozaliwa na posti hakuna programu inayozihesabu vizuri zikihamia WhatsApp. Zinahesabiwa kwa daftari: msaidizi anauliza, "Umetuona wapi?" na kupiga mstari.

Wiki ya 9: tangazo la kulipia

Jaribio moja, nyumba ya wageni, siku 5. Kosa lililozuiwa kabla pesa haijatoka: eneo lilichaguliwa Tanga mjini. Anayeishi Tanga halali nyumba ya wageni Raskazone. Wageni wake ndio waja leo waondoka leo, na wanatoka kwingine: eneo likabadilishwa kuwa Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Kwa mpishi ni kinyume chake, pini Makorora na duara dogo, kwa kuwa pweza hasafirishwi Mwanza. Lengo liwe meseji, siyo laiki. Tangazo linalipiwa kwa kadi ya mwenye biashara na kikomo cha matumizi kinawekwa siku ile ile. Msaidizi asitangulize pesa yake.

Wiki hii pia saa za kazi zimegawanywa upya. Kwa ukurasa mmoja, saa 12 kwa wiki: kupiga picha 2, kuhariri 2, kuandika na kupanga 2, kujibu 5, takwimu na kikao 1. Mpango wa awali uliweka saa 1 tu ya kujibu. Mgao huu ndio wa kupelekea kwa mwenye biashara wakati wa kupatana mshahara, kwani wengi wanalipa kwa idadi ya posti na kazi ya majibu inabaki sadaka. Kwenye makubaliano yaandikwe: kurasa zipi, posti ngapi, saa za kujibu kuanzia lini mpaka lini, bando linalipiwa na nani, marekebisho mara 2 kwa posti, picha ni za nani baada ya kuachana, na notisi ya siku 14.

Wiki ya 10: makabidhiano

Faili la kazi la msaidizi lina kurasa 9: kwa kila biashara, hali ya mwanzo, kilichobadilishwa, na mfano mmoja wa kosa na jinsi lilivyorekebishwa. Takwimu za wenye biashara zimewekwa kwa ruhusa yao. Ukurasa wa makosa ulitaka kuondolewa dakika ya mwisho, umebaki. Mwajiri anayejua kazi ataufungua huo kwanza.

Ruhusa zimekaguliwa tena. Nyumba ya wageni: sawa. Mpishi: sawa, simu kuu sasa inakaa kaunta ikichajiwa. Mshonaji: bahasha ipo, ila namba mbili za akiba zimeshatumika, zitolewe mpya.

Yaliyobaki: katalogi ya magauni, yameingia 17, bado 8. Chumba namba 6 kinapakwa rangi, picha zake zipigwe Jumatano asubuhi rangi ikikauka. Mpango wa vifurushi vya mikoani kwa basi kutoka Kange: /basi bado haina saa ya mwisho ya kupeleka mzigo stendi, mshonaji ataulizwa kesho.